Kompyuta inazima ukichomeka flashi? Usikimbilie kupiga Windows

Wiki mbili zilizopita niliitwa Igoma kwa mama mmoja ana steshenari, ile ya kawaida tu, sipiyu moja, printa moja, mashine ya fotokopi ya kizamani na foleni ya watu wenye flashi. Nimemwamkia shikamoo, kaitikia marahaba huku hata haniangalii, akasema njoo uone mwenyewe mwanangu, akachukua flashi ya mteja akachomeka mbele ya sipiyu. Tap. Kimya. Feni zimesimama, skrini nyeusi, taa imezimika, kama vile mtu kachomoa waya ukutani. Kijana mmoja alokuwa anasubiri kuprinti ripoti ya fildi akashika kichwa. Mama akaniambia ameshapigiwa Windows (kuwekewa upya) mara mbili na mara ya pili fundi alimwambia ni virusi vya kwenye flashi za wanafunzi.

Virusi havikati umeme hivo jamani. Kirusi kinaweza kukuharibia mafaili, kikakujazia shotikati kwenye flashi, lakini kusimamisha feni ndani ya nusu sekunde pale pale chuma kinapogusa chuma, hiyo ni kazi ya umeme. Nimeandika hapa vile ninavofanya mimi, kwa mpangilio, kuanzia vitu vya bure kwenda vya hela, maana huu ugonjwa nimekutana nao mara nyingi hapa Mwanza na watu karibu wote wanaanzia mwisho.

Kwanza elewa tundu la USB lina nini ndani, ni dakika moja tu. Ile ya kawaida ina vibati vinne. Vya pembeni viwili ndo vya umeme, kimoja kina volti 5 na kingine ni nega, vya katikati viwili vinapitisha data. Bati la nje linalozunguka tundu nalo limeungana na bodi la sipiyu, yaani lile kasha la chuma, ambalo ni nega. Sasa kile kibati cha volti 5 kikipinda kikagusa bati la nje, hiyo ni shoti, na powasaplai, kile kiboksi kinachoigawia mashine umeme, ikiona shoti inajizima ili isiungue. Mazabodi (ule ubao mkuu wa ndani) nyingi zina vifyuzi vidogo vya kulinda hayo matundu, vikipata moto vinakata, vikipoa vinarudi, hapo mashine inabaki inawaka ila tundu ndo linakufa. Lakini sio zote, na shoti ikiwa kali powasaplai inawahi kuzima kabla fyuzi haijastuka.

HATUA YA 1: angalia inakufaje

Hii watu wanairuka na ndo inayookoa muda kuliko zote. Kuna vifo vya aina tatu.

Ya kwanza ni ile ya mama wa Igoma, inazima tap kimya kabisa. Afu ukibonyeza swichi ya kuwashia haiitikii, mpaka uchomoe waya wa ukutani usubiri kama nusu dakika ndo inawaka. Ukiona hiyo ya kugoma mpaka uchomoe waya, karibu ni uhakika powasaplai imejifunga yenyewe kwa sababu imeona shoti au imezidiwa.

Ya pili inatokea skrini ya bluu yenye maandishi, au inarestati na kuwaka tena yenyewe. Hapa inaweza kuwa draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Windows ina tabia ya kurestati haraka kabla hujasoma kitu, kwa hiyo nenda Run, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, toa tiki kwenye Automatically restart. Ikifa tena itabaki imesimama na bluu yake utasoma jina la faili lililoleta balaa.

Ya tatu, mashine inawaka, inatoa maneno kuhusu USB over current, inahesabu sekunde 15 inazima. Hapo mazabodi yenyewe imekwambia ugonjwa, huna haja ya kubishana nayo, ruka mpaka hatua ya 4.

Kuna watu wanakimbilia Event Viewer (daftari la matukio la Windows) wanakuta Kernel-Power 41 wanaanza kuigoogle mpaka usiku. Hiyo 41 maana yake ni kwamba mashine ilizima bila kuagwa, basi. Haijui kwa nini, ni kama jirani anayekwambia amesikia kishindo.

HATUA YA 2: mjaribu Windows kama ana hatia

Washa mashine, ingia BIOS, ile menyu ya mazabodi inayotangulia Windows (Delete au F2 kwenye nyingi, HP ni F10, Dell F2), usiende kokote, kaa hapo hapo kwenye BIOS afu chomeka ile flashi. Ikizima ukiwa BIOS basi Windows haihusiki hata kidogo maana haijawaka, na aliyekupigia Windows mara mbili amekula hela yako bure. Ya mama ilizima kwenye BIOS. Akaniangalia, hakusema kitu, ila nilijua anawaza ile elfu thelathini ya kupigiwa Windows.

Kama kwenye BIOS haizimi ila ukifika Windows inazima au inarestati, hapo ndo ushughulike na draiva: Device Manager, fungua Universal Serial Bus controllers, futa zile zenye alama ya njano, restati zijipange upya, afu ingia saiti ya mtengenezaji wa mashine uchukue draiva za chipset za modeli yako. Sina mengi kwenye upande huu kwa sababu mara nyingi inaishia hapo.

HATUA YA 3: chomeka kwa mpangilio, uandike

Chomoa kila kitu cha USB isipokuwa kibodi. Tafuta mausi ya bei rahisi ambayo hata ikiungua huumii, usitumie flashi ya mtu yenye kazi zake. Anza na matundu ya nyuma, moja baada ya jingine, afu ndo uje ya mbele. Andika kwenye karatasi, nyuma 1 sawa, nyuma 2 sawa, mbele kushoto imekufa, hivo hivo. Najua inaonekana ya kitoto ila ukishazima mashine mara tano utasahau ipi ilikuwa ipi, mi nimesahau sana.

Majibu yanasomeka hivi. Mbele zinazima nyuma hazizimi, tatizo liko mbele, na hiyo ndo inayotokea mara nyingi kuliko zote kwa sababu tundu la mbele ndo linaloteswa, kila mteja analazimisha flashi kichwa chini miguu juu. Zote mbele na nyuma zinazima na kifaa chochote kile, fikiria powasaplai au mazabodi. Inazima kwa kifaa kimoja tu na vingine viko poa, basi kifaa hicho ndo kibovu au kinakula umeme mwingi. Tundu la USB 2 limepangiwa kutoa miliampia 500, la USB 3, zile nyingi za bluu, 900. Hadi diski ya nje ya kuzunguka inapoanza kuwaka inaweza kuvuta zaidi ya 500, na kama powasaplai yako ni mzee unaona kazi. Na zile haba (USB hub) za matundu saba zisizo na chaja yake mwenyewe, ambazo wenye steshenari wanachomekea modemu, skana, feni ndogo na simu tatu za wateja wanaochaji, hiyo ni kuitafutia mashine kifo. Simu wachajie ukutani.

HATUA YA 4: tochi

Zima, chomoa waya ukutani, washa tochi ya simu uchungulie ndani ya kila tundu. Kile kiulimi cha plastiki kikae katikati na vibati vinne vilale sambamba kama meno ya kitana. Unatafuta kibati kilichopinda, kilichonyanyuka, ulimi uliovunjika, au kitu kigeni. Nimewahi kutoa kipande cha pini ya steplaa. Nimewahi kutoa vile vidudu vya ziwani, vile vinavotoka ziwani kama wingu la moshi, jioni vikajaa kwenye taa mpaka unakula navyo, vikifia ndani ya sipiyu vinachanganyika na vumbi na ile hewa ya unyevu wa kwetu vinakuwa tope. Kwa maduka ya kule Kirumba karibu na Mwaloni ongezea na vumbi la dagaa. Vibati vinashika kutu ya kijani.

Kwa mama Igoma nilikuta hichi: kibati cha pembeni kabisa kimejikunja kama ndoano na ncha imekaribia kugusa bati la nje. Nusu sentimita ya chuma. Flashi ikiingia inakisukuma kinagusa, shoti, mashine inazima, flashi ikitoka kinaachia, ukichomoa waya ukutani ukarudisha mashine inawaka. Ndo maana alikuwa anaona kama mashine ina hasira na flashi.

Usafi unafanya na mswaki mkavu mlaini au kijiti cha meno, kutu unasugua kwa spiriti ile ya asilimia kubwa uache ikauke kabisa. Kibati kilichopinda unaweza kukirudisha na pini mashine ikiwa imechomolewa, ila kiukweli kikishapinda hakidumu, wiki ijayo kitapinda tena. Mi tundu kama hilo nalifunga.

HATUA YA 5: chomoa waya wa mbele

Hata kama tochi haijakuonyesha kitu, kama karatasi yako inasema mbele ndo tatizo fanya hii. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza na ushikilie swichi ya kuwashia sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki, gusa bati la sipiyu na mkono wako ili usibebe umeme wa mwili, fungua mfuniko. Fuata waya unaotoka kwenye matundu ya mbele mpaka unapoingia kwenye mazabodi, pembeni patakuwa pameandikwa F_USB au JUSB au USB na namba. Ni plagi ya pini tisa, safu moja tano na safu nyingine nne, ile ya kumi haipo kwa makusudi ili usigeuze. Ya USB 3 ni kubwa ya bluu au nyeusi yenye pini 19, hiyo vuta taratibu sana imenyooka, ukiiyumbisha inang'oka na pini au na plastiki lote.

Ichomoe, funga, washa, jaribu nyuma. Ikitulia umeshamkamata mwizi.

Mwenye mita ya kupimia umeme anaweza kuhakikisha bila kuwasha: weka kwenye ile sehemu inayolia ncha zikigusana, plagi ikiwa imechomolewa kwenye mazabodi, gusa tundu la waya mwekundu na tundu la waya mweusi. Ikilia na kuendelea kulia hapo kuna shoti kwenye waya au tundu. Ikilia kidogo tu afu ikanyamaza ni kapasita (kidude cha kuhifadhi umeme) inajaa, sio shoti.

Na hapa kuna mtego. Sipiyu ambayo imeshafunguliwa na mtu, angalia kama plagi iliingizwa sawa. Kasha za zamani waya zinakuja moja moja, nyekundu, nyeupe, kijani, nyeusi, na mtu akikosea pini moja tu umeme unaenda kwenye data. Kibaya zaidi mazabodi za miaka ile zina plagi ya FireWire (aina nyingine ya waya wa data) yenye pini zile zile zinavyoonekana, imeandikwa 1394, na ile inatoa volti 12. Ukichomeka waya wa USB pale flashi haitazima mashine, yenyewe ndo itatoa moshi.

HATUA YA 6: waya wa ethi, hapa naomba tukae kidogo

Mashine nyingi tunazouziwa huku ni yuzidi za Ulaya, zinakuja na waya wa plagi ya pini mbili za mviringo. Soketi zetu ni za pini tatu. Sasa unajua tunavofanya, unachukua kalamu ya Bic unasukuma lile tundu la juu linafunguka, pini mbili zinaingia, maisha yanaendelea. Tatizo lile tundu la juu ndo la ethi, na umeliziba kwa kalamu.

Ndani ya powasaplai kuna chujio lenye vikapasita viwili, kimoja kimetoka waya wa moto kuja kwenye bodi la sipiyu na kingine kimetoka nyutro kuja hapo hapo. Ethi ikiwepo ule umeme mdogo unaotorokea hapo unaenda ardhini. Ethi isipokuwepo bodi la sipiyu linabaki na karibu nusu ya umeme wa ukutani, yaani kwenye 230 unapata kama 115. Mkondo wake ni mdogo hauui, ila ndo ule unaousikia ukipitisha mgongo wa mkono kwenye bati, inakutekenya kama sisimizi. Watu wanasema "hii sipiyu ina shoti kidogo" wanaweka kadibodi chini wanavaa ndala wanaendelea na kazi.

Sasa leta printa au skana iliyochomekwa soketi nyingine yenye ethi nzuri, chukua waya wake wa USB ingiza kwenye sipiyu inayotekenya. Chuma kikigusana tu umeme wote uliokuwa umekwama kwenye bodi unapata njia, unapita kwenye USB, unaona cheche ndogo ya bluu, na mashine inazima au inarestati. Siku nyingine haitazima tu, itaunguza tundu, au mazabodi nzima. Mtu aliyevaa soksi za nailoni kwenye kapeti naye anaweza kuleta kitu kama hicho akigusa tundu, ila kwa joto na unyevu wa hapa ziwani hiyo ni nadra, mi ya plagi ndo naiona kila siku.

Dawa: tafuta waya wa pini tatu, ile ya Kiingereza yenye fyuzi ndani, zinauzwa Makoroboi kila kona. Ekstensheni nayo hakikisha ina ethi kweli, zile nyepesi sana zina matundu matatu ila ukifungua ndani waya ni mbili tu. Chomeka kompyuta na printa kwenye ekstensheni moja ili ziwe na ethi moja. Kama nyumba yenyewe haina ethi (na nyumba zilizojengwa juu ya mawe kama za Mabatini na Bugando huko kuchimba ethi ni shughuli) mwite fundi umeme mwenye leseni, hiyo sio kazi ya YouTube. Na kwa mvua zetu za usiku zenye radi za ziwani, ukifunga duka chomoa kila kitu ukutani, na waya wa intaneti pia.

Ya mama ilikuwa na pini mbili na kalamu bado imechomekwa pembeni ya soketi, nadhani ilikuwa ya kudumu.

HATUA YA 7: powasaplai

Ukifika hapa ina maana matundu yote yanazima na ethi iko sawa. Weka mita DC 20, nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye waya mwekundu wa ile plagi ya pini nne ya diski za zamani. Inatakiwa isome kati ya 4.75 na 5.25. Mwache mtu achomeke kifaa huku wewe unaangalia namba. Ikiwa 4.9 ikashuka mpaka 4.5 kabla haijazima, powasaplai imechoka. Jaribio zuri zaidi ni kuazima nyingine inayofanya kazi, ichomeke, jaribu dakika kumi. Angalia wati zake pia, ile iliyoandikwa 500W lakini nyepesi kama kopo la maziwa usiiamini.

Usiifungue. Kapasita zake za ndani zinabeba zaidi ya volti 300 na zinaweza kukaa nazo hata ukishachomoa ukutani. Angalia za kwenye mazabodi, hizo unaziona, vichwa viwe bapa. Kilichovimba kama mandazi au kilichovuja ugoro wa kahawia hakifai.

Wenye laptopu kwenu ni tofauti kidogo. Chukua laptopu yenye betri iliyokufa inayoishi kwa chaja tu, na chaja yenyewe sio yake ni ya kuazima yenye wati pungufu, ukichomeka diski ya nje inazidiwa inazima. Angalia wati kwenye chaja halisi ya modeli yako ufananishe. Kama chaja ni sahihi na betri nzima na bado inazima, peleka kwa fundi wa mazabodi, ndani ya laptopu hakuna waya wa kuchomoa kirahisi.

Na kama kwenye dekstopu umebadilisha powasaplai, umechomoa waya wa mbele, ethi ipo, na bado nyuma inazima, basi ni mazabodi. Gusa ile chipu kubwa yenye bati la kupooza upande wa chini wa mazabodi baada ya dakika mbili za kuwaka, ikikuunguza kidole mpaka unatoa mkono imekwenda. Kuzima matundu kwenye BIOS mara nyingi kunaua data tu, zile volti 5 zinabaki pale pale, kwa hiyo shoti ya chuma haiponi kwa BIOS. Ila kama ni tundu moja la nyuma tu lenye kasoro na mengine yanafanya kazi, lifunge tu utumie mengine, au ununue kadi ya USB ya kuchomeka kwenye PCI Express (zile nafasi za kadi kwenye mazabodi) uache ya mazabodi yapumzike.

Kwa mama Igoma kazi yote ilichukua kama dakika arobaini, na nyingi zilikuwa za kupuliza vumbi. Nilichomoa plagi ya mbele nikaiacha inaning'inia imefungwa tepu ya umeme, matundu ya mbele nikayaziba kwa selotepu pana na juu yake mama akaandika kwa maka pen HAPANA. Nikaweka waya wa pini tatu. Afu nikachukua ekstensheni ya USB ya mita moja, nikachomeka nyuma nikaileta mpaka mezani nikaibandika pembeni ya kibodi, ikiharibika kwa kulazimishwa anatupa kawaya ka elfu chache sio sipiyu. Yule kijana wa ripoti alikuwa bado yupo. Mama akachukua flashi yake, akaiangalia, akanipa mimi nichomeke. Nikachomeka. Feni zikaendelea kuzunguka, printa ikaanza kuvuta karatasi, mama akageuka kumwambia kijana ni mia mbili kwa ukurasa, rangi ni mia tano.